Siku Minza Alipopiga Mwano

Wanangu polisi mliopangiwa kata, kila Jumamosi mnakuja kwangu kunywa uji na kuniuliza swali lile lile: "Mama, ile shida ya wanawake wa njiapanda mliimalizaje?" Nami kila mara nawasogezea sahani ya viazi ili mdomo upate kazi nyingine. Leo nitajibu, ila nawaonya mapema kwamba jibu lenyewe silijui vizuri. Nimestaafu, nina banda la kuku, magoti yananilalamikia nikiinama, na bado jambo lile likinijia kichwani nashindwa kulishika mkia wala kichwa. Kama mnataka mtu wa kuwapa hatua tano za mafanikio, nendeni kwa wakufunzi. Kwangu kuna habari tu.

Mimi si wa huku, mnajua. Nimezaliwa Njombe kwenye baridi, nikaletwa Bariadi na uhamisho nilioulilia wiki nzima. Nilikuta jua, pamba, ng'ombe, na watu ambao salamu zao ni ndefu kuliko mazungumzo yenyewe. Asubuhi "mwangaluka", mchana "mwadila", kisha mhola, yaani habari? mhola duhu, njema tu, nyumbani? salama, watoto? wazima, ng'ombe? wapo. Unakuja kuripoti nyumba inaungua, na bado unaulizwa ng'ombe. Nilidhani ni adabu tu. Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba huku salamu ndiyo inayoamua kama wewe ni mtu au ni upepo umepita.

Njiapanda ninayoisema ni pale barabara ya mnadani inapokutana na ile kubwa. Msimu wa pamba malori yanapanga foleni kusubiri zamu ya kushusha kiwandani, madereva na matingo wanalala hapo siku mbili tatu, na palipo na wanaume wanaosubiri, kila biashara inasogea. Wauza mahindi ya kuchoma, wauza vocha, na wanawake wale. Mjini mnawaita dada poa, na mna majina mengine ambayo sitayatamka mbele ya uji.

Zamani kazi hiyo tuliifanya kwa ufagio. Bosi wangu alikuwa Sajenti Lameck, Mungu amrehemu, mtu wa tumbo na huruma. Jumatatu anasema, "Leo tunafagia," tunapanda difenda, tunawazoa, tunawapeleka mahakamani. Alhamisi wamerudi, na wengine wanatusalimia kwa vyeo vyetu. Nikamuuliza, "Afande, mbona tunafagia pale pale?" Akanijibu, "Wewe nyumbani kwako unafagia mara moja kwa mwaka?" Lilionekana jibu, na mpaka leo sijajua kama lilikuwa jibu.

Jioni moja jua halijazama tukakuta akina mama kumi na kitu pale njiapanda, vitenge sare, midomo imepakwa rangi, wanasimamisha malori. Lameck akafurahi sana. "Sasa wamejipanga mpaka sare," akasema, akawapakia wote. Wale mama walitueleza, lakini wote kwa pamoja, na kwa Kisukuma, kwa hiyo hatukusikia kitu. Tulipowafikisha kituoni wakaanza kuimba. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ubeti hadi ubeti. Lameck akasimama mlangoni akiwa amevua kofia, akaniambia polepole, "Afande, hawa si wale." Walikuwa kwaya, wanakwenda tamasha Nyalikungu, gari lao limeharibika. Mchungaji wao alikuja kuwachukua na hakutufokea, na hilo ndilo lililotuumiza. Kuanzia hapo Lameck akiona vitenge viwili vinavyofanana anageuza gari.

Lakini alinifundisha mambo mawili ninayowapa bure. La kwanza, kabla hujamhoji mtu aliyekamatwa, mpe maji. Mtu mwenye kiu hukubali chochote. La pili, mtazame miguu kabla ya uso. Uso unajipanga ukikuona, miguu haijui kwamba wewe ni polisi. Mwanamke mwenye vumbi jipya hadi magotini ametoka mbali, huyo ana habari zaidi ya yule aliyezoea.

Miaka ikapita, Lameck akaondoka, nami nikapewa kata. Tukaitwa semina. Mkufunzi akatuambia polisi jamii hakimbilii tukio, anatafuta shida. Tukio ni nzi, shida ni kidonda. "Kabla ya kukamata," akasema, "jiulize: shida hii ni ya nani?" Nililipenda lile swali kuliko chakula cha mchana walichotupa. Nikarudi Bariadi nikiwa na jibu kiganjani, nikaanza kuuliza watu.

Hapo ndipo nilipopotea.

Mwalimu mkuu alisema shida ni mipira iliyotumika kwenye njia wanayopita watoto. Wake za watu walisema shida ni fedha ya pamba inayoishia njiapanda kabla ya kufika jikoni. Mwenye gesti alisema shida ni polisi, tunamfukuzia wateja. Mama Nyanjige, mama lishe mwenye banda pale pale kwenye kona, alisema yeye hana shida, wanawake wale wanakula vizuri na hawakopi. Shida yake ni moshi wa malori. Dereva mmoja alisema shida yake ni foleni: "Afande, nyie harakisheni kushusha pamba, mimi nitalala kwa mke wangu." Nikaona huyu huenda ndiye mwenye akili kuliko sisi wote, lakini foleni ya pamba haiko chini ya polisi kata.

Mwisho nikaenda kuwauliza wenyewe. Hapa sikilizeni, maana hamfundishwi chuoni. Usiende na sare. Nenda saa nne asubuhi, wakati wanafua. Usisimame, omba ndoo, igeuze, ikalie. Usiulize "kwa nini unafanya kazi hii," utaambiwa hadithi iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaouliza hivyo. Uliza bei ya sabuni. Uliza maji wanateka wapi. Mtu akikueleza maji anateka wapi, amekueleza maisha yake.

Ndivyo nilivyomfahamu Minza. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtu wa upande wa Kiloleli, amepanga chumba cha mwisho kabisa mtaani, dirisha linatazama malisho. Mama yake alikuwa akimlelea mtoto kule nyumbani. Mrefu, mkavu, hacheki ovyo. Nikamuuliza lile swali langu la semina: shida hii ni ya nani? Akakamua shuka, akalitandika kwenye kamba, ndipo akanijibu, akiniita mayu, yaani mama, kama wanavyoita huku.

"Mayu afande, mimi nitakwambia yangu tu. Sisi tukipiga mwano, hakuna anayetoka."

Nyie vijana wa Mbeya na Tanga hamjui mwano. Ni yowe la Kisukuma, la hatari. Mwizi wa ng'ombe, fisi, moto: ukiona, unapiga mwano, na kila mwenye miguu anatoka na fimbo, bila kuuliza ni wa nani. Asiyetoka anatozwa mbuzi na sungusungu, walinzi wa jadi, na yule mbuzi huliwa na waliotoka. Sheria hiyo haimo katika kitabu chetu, lakini nimeona ikikimbiza watu haraka kuliko king'ora cha difenda. Na Minza alikuwa akiniambia kwamba wiki iliyopita mwenzake alinyang'anywa simu na kupigwa jua likiwaka, akapiga mwano, na watu waliendelea kunywa kahawa.

Nikaitisha mkutano wa mtaa. Aliyeuongoza alikuwa Mzee Masanja, kamanda wa sungusungu, mfugaji na mkulima wa pamba, mtu mwenye sauti ya chini ambayo kila mtu anainama kuisikia. Watu wakasema yao, kisha Masanja akatoa shauri: wanawake wale watengwe. Kutengwa huku si maneno. Husalimiwi. Huhesabiwi kaya. Huuziwi maji. Ukiugua hujuliwi hali, ukifa wanakuzika waliokuzaa. Na mwano wako si mwano.

Nikasimama nikaeleza sheria, haki za binadamu, polisi jamii, kidonda na nzi. Nilieleza vizuri sana. Wazee wakatikisa vichwa kukubali, Masanja akanishukuru, "Wabeja, mayu. Umesema kweli." Nikaenda nyumbani nikiwa nimeshiba furaha. Asubuhi nikakuta Minza anafuata maji kilomita mbili, kwa sababu bombani hakuna aliyekubali kupokea hela yake. Nikamwendea Masanja. "Mzee, si mlikubali?" Akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa. "Tulikubali kwamba umesema kweli," akasema. "Hatukusema tumebadili."

Nilimwambia bomba ni la mtaa na maji ni haki ya kila mtu. Akakubali hilo pia. Basi, nikawa naenda kumtekea Minza mimi mwenyewe, nikiwa na sare, na watu walinisalimia mimi na ndoo yangu kwa heshima zote, huku wakijua maji yanakwenda wapi. Nisijue nimewashinda au wamenishinda.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri. Nilikuwa kwa Mama Nyanjige nakula wali na dagaa, nje wanaume wamekaa kijiweni na vikombe vya kahawa, Masanja akiwa katikati yao. Tukasikia yowe kutoka mwisho wa mtaa, refu, linapanda na kushuka. Benchi zima liliinuka. Nawaambia niliona kwa macho yangu: matako yaliacha mbao. Kisha mmoja akasikiliza vizuri akasema, "Aa, ni yule Minza." Na wote wakakaa. Masanja naye akakaa. Akanywa kahawa yake.

Mimi nikatoka. Nikakimbia na kijiko mkononi. Njiani nikaona niwaite watu, nikajaribu kupiga mwano, na kwa kuwa nimezaliwa Njombe nikatoa sauti ambayo Mama Nyanjige anasema ilikuwa ya mbuzi anayezaa. Wakacheka kijiweni. Wangu nao haukuwa mwano.

Nilimkuta Minza amekaa chini kwenye malisho nyuma ya chumba chake. Mkono wa kushoto umepinda pasipopinda mkono, umepigwa fimbo. Mkono wa kulia ameshika kipande cha kamba iliyokatwa, hataki kukiachia. Akaniambia, "Wamemchukua Diwani." Nikawaza, Mungu wangu, mheshimiwa diwani, nimpigie nani kwanza? Nikamuuliza, "Alikuwa na nani?" Akasema, "Na Kamanda. Wote wawili. Wamewakata kamba." Ilibidi anieleze polepole, kama mtoto, kwamba hao ni maksai, ng'ombe wa kulimia. Jozi ya Mzee Masanja.

Nikarudi kijiweni nikasema. Sitasahau jinsi kile kikombe cha kahawa kilivyowekwa chini.

Masanja na watu wake walifuata nyayo mpaka giza. Asubuhi wakaendelea, nami nikaenda nao, nimeshatoa taarifa kituoni. Nyayo zikaingia kijiji cha jirani. Kwa desturi ya huku, wenye kijiji wanazipokea nyayo kwako na kuzifuata wao, na zisipotoka upande wa pili, kijiji hicho kinajibu. Wazee wao walitupokea mpakani. Mwangaluka. Mwangaluka. Mhola? Mhola duhu. Watoto, mvua, pamba, mimi natamani kulia, wezi Mungu ndiye anayejua wako wapi, na upande wa Ngulyati wingu limeshaanza kuwa jeusi. Mvua ikinyesha, nyayo zimekwisha.

Ndipo mzee wao akauliza, "Mwano ulipigwa?"

Maana bila mwano ng'ombe wako hawakuibiwa, wamepotea tu kwa uzembe, katafute mwenyewe.

Masanja alitazama katambuga zake za tairi miguuni. "Ulipigwa," akasema.

"Na nani?"

"Mwanamke mmoja."

"Ana jina? Ni wa kaya ipi?"

Masanja akachora mchanga kwa fimbo. Mwanamke aliyetengwa hana kaya. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema hivyo mbele ya mkutano. Yule mzee akangoja, kisha akasema kwa upole, "Mleteni aliyeona, atueleze kwa mdomo wake. Tukimsikia, tunapokea nyayo."

Tukatuma pikipiki. Pikipiki ikarudi tupu. Dereva akasema Minza yupo, mkono umefungwa zahanati, lakini haji. "Kasema nini?" Masanja akauliza. Dereva akaona haya. "Kasema, anayemtaka aje amsalimie."

Wingu lilikuwa limefika juu ya miti. Masanja akapanda ile pikipiki, nami nikapanda nyuma yake, tumebanana kama magunia. Tuliposhuka mtaani, watu walishajua. Habari za namna hiyo hazisubiri pikipiki. Wamejaa milangoni. Masanja akatembea mpaka chumba cha mwisho, akavua kofia, akasimama mbele ya mlango ulio wazi. Minza alikuwa ndani anakunja nguo kwa mkono mmoja. Hakugeuka.

"Mwangaluka, mayu," Masanja akasema.

Akakunja sketi. Akaiweka juu ya nyingine. Ndipo akageuka. "Mwangaluka, bhabha."

Nikajua imekwisha, twende. Wapi. Minza alimpa salamu nzima. Mhola? Nyumbani? Mama watoto? Watoto? Wajukuu? Mguu ule uliokuwa unauma? Na mzee yule, wingu likinguruma, alijibu moja baada ya moja, mbele ya mtaa wote, na kila jibu alilazimika kumuuliza naye: mhola, mama yako kule Kiloleli, mtoto wako, na mkono huo? Mwisho Minza akauliza, "Na ng'ombe?"

Masanja akasema, "Hawapo, mayu. Nakuomba."

Nilikuwa nimesimama pembeni, nisijue nicheke au nilie. Kwa sheria yangu, mwanamke yule nilitakiwa kumkamata tangu zamani. Kwa sheria yangu hiyo hiyo, alikuwa shahidi wangu pekee. Na hapo palikuwa panaamuliwa jambo kubwa, mimi nina cheo kuliko wote, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Minza alikuja. Mpakani yule mzee akauliza tena, "Huyu ni nani?" na safari hii Masanja alijibu haraka. "Ni Minza. Jirani yangu." Minza akaeleza: watu wawili, mmoja ana koti la kijani, mwingine anachechemea, wamepita mkondo huu. Akaonyesha na kamba. Nyayo zikapokelewa, vijana wakakimbia, na mvua ikaanguka kama ilivyoahidi. Diwani alipatikana jioni kwenye kichaka cha mto. Kamanda hakuonekana mpaka leo, wala wale wawili.

Ikabaki mbuzi. Mwano ulipigwa, mtaa mzima haukutoka, na aliyeitangaza ile adhabu miaka yote ni Masanja mwenyewe. Alileta mbuzi wa kwanza, dume zuri jeupe. Mbuzi wa faini huliwa na waliotoka, na aliyetoka ni mimi peke yangu, na kijiko changu. Jamani, polisi anapelekewa mbuzi na kamanda wa sungusungu mchana kweupe! Nilimkataa mara tatu, nikaona jina langu limeshafika makao makuu. Nikasema apelekwe kwa Minza. Minza akampeleka kwa Mama Nyanjige, akapikwa, na akaita watu. Walikuja. Walikaa. Na huku huwezi kula nyama ya mtu usimsalimie.

Kwa hiyo mnaniuliza, tuliimaliza? Wanawake wale wapo njiapanda, msimu huu nimewaona. Mke wa mtu bado analia fedha ya pamba. Mwalimu mkuu bado anaokota vitu njiani. Minza aliniambia kwa uso mkavu kwamba sasa wakipiga mwano mtaa wote unatoka, wake za watu wakiwa mbele, na wateja wao wanakimbia kuliko wezi, biashara imekuwa ngumu. Nikamuuliza, "Kwa hiyo ni afadhali au si afadhali?" Akafikiri sana. "Maji nachota karibu," akasema. Mkono wake haukunyooka vizuri.

Siku hizi mmewaundia kundi la WhatsApp la ulinzi, na mwano unatumwa kwa sauti iliyorekodiwa, watu wanajibu kwa vidole gumba na mikono ya sala. Sijui. Labda ni maendeleo.

Wiki iliyopita nilikuwa nachambua mchele uani, nikasikia mwano kutoka njiapanda, wa koo si wa simu, na sauti niliijua. Nikaacha ungo, nikachukua fimbo, nikaenda kwa magoti haya mnayoyaona. Nilipofika nikakuta watu wamejaa, kijana mmoja amekamatwa na pochi ya mtu, Minza amesimama katikati anafunga kilemba chake kilichovuliwa. Mzee Masanja naye alikuwepo, anahema, mguu mmoja una katambuga na mwingine hauna. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Mwadila, mayu," akasema. "Umechelewa. Unadaiwa mbuzi."